Jibu: Daktari wa familia Ontario, mama ana presha

Dada, umeuliza utampataje daktari wa familia hapa Ontario, maana mama ana presha na kila kliniki inasema imejaa. Poleni sana. Uhaba ni wa kweli, mamilioni ya Wakanada hawana daktari wao.

Mwandikishe mama Health Care Connect, huduma ya serikali ya Ontario ya kuwatafutia watu daktari wa familia, ila usikae ukingoja simu yao. Nenda Community Health Centre (kituo cha afya cha jamii) iliyo karibu nanyi, hapo ndipo ninapopaamini zaidi: nyingi hupokea hata asiye na kadi ya OHIP, yaani bima ya afya ya serikali ya Ontario. Ukipewa nesi mwenye ruhusa ya kupima na kuandika dawa, mkubali. Wengi wetu tunang'ang'ania daktari na nafasi inapotea.

Kwa sasa mpeleke kliniki isiyohitaji miadi. Beba pakiti ya vidonge alivyokuja navyo, hata kama ni tupu, wasome jina na miligramu, pamoja na vipimo vyake vya presha vya nyumbani. Akishaandikiwa dawa hapa, mfamasia anaweza kumwongezea muda wa dawa hiyo. Tumieni duka la dawa lilelile.

Kifua kikimbana au upande mmoja ukilegea ghafla, piga 911 papo hapo.