Mkia wa "keki" ulikwenda wapi?

Wiki yangu ya pili kutembeza wageni Mji Mkongwe, niliwaambia Waingereza wanne "wait here" nikaenda kukata tiketi. Kurudi, nawakuta wamejibana pembeni, mmoja anakagua soli ya kiatu. Walikuwa wamesikia "wet". Walidhani nawaonya wasikanyage maji.

Kilichokuja kunifumbua macho ni maneno yetu ya mkopo. Gate tuliifanya geti, cake ikawa keki, coat ikawa koti, boat ikawa boti. Lakini file ikawa faili, line ikawa laini, pound ikawa pauni. Hakuna aliyeitisha kikao, ni masikio tu. Irabu ya Kiingereza inayoteleza mbali, kutoka a hadi karibu na i au u, sisi huisikia kama irabu mbili na tunazitamka zote. Ikiteleza hatua moja tu, kutoka e kuelekea i, au o kuelekea u, tunasikia moja, mkia unadondoka njiani.

Kwa hiyo kama unajifunza Kiingereza, usijitese na "time" wala "house". Utaeleweka. Nguvu zako zipeleke kwenye zile zinazoteleza hatua moja: wait na wet, paper na pepper, late na let.

Mimi nilifanya hivi. Kidole kidevuni, unaanza na e ya "pete", unaivuta kidogo, kisha unaacha taya lipande kama unayetaka kusema i, na unakata kabla hujaifikia. Kidole kisiposikia kidevu kikipanda, umesema "wet" tena. Kwa "coat" tumia kioo: midomo ianze na o, imalizie imejikunja zaidi.

Uzito ndio ulionitesa kwa miezi. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "faili" ni fa-I-li: mzigo wote kaubeba mkia! Mwingereza anafanya kinyume, a nzito, i inafifia, na yote kwa pigo moja. Chai yetu ina mapigo mawili, cha-i. Yake ina moja. (Guide, kwa bahati nzuri, hatukuikopa rasmi. Hebu fikiria kujitambulisha kwa wageni kwamba wewe ni gaidi.)

Ukiwafundisha wao Kiswahili, dawa ni ileile, ila unaigeuza. Wao hubandika mkia pasipo na mkia: "poulei poulei", "mtoutou". Ukiwaambia "tamka vizuri" hutawasaidia kitu. Waambie washike kidevu, na kisicheze mpaka irabu iishe.

Mama mmoja niliyemfundisha hivyo asubuhi, jioni nilimwona kwenye boti ya kwenda kisiwa cha Changuu, mawimbi yamechachamaa, kidevu kakishika kwa mkono mmoja na ubao wa boti kwa mwingine, anamwambia nahodha: "Pole pole." Safi kabisa.