Mnaoanza kufundisha wageni Kiswahili, "kuna" na "ipo" msizichukulie poa

Wadogo zangu mlioingia kwenye kazi hii ya kufundisha wageni, mi niko Arusha na nimefundisha miaka kadhaa sasa, na kitu nilichokiona ni kwamba mwanafunzi wa wiki ya pili hateswi sana na ngeli kama wengi mnavyodhani. Anateswa na vimaneno vidogo ambavyo sisi tunavitoa mdomoni bila hata kufikiri: kuna, ipo, yuko, mna, hamna.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, Mwingereza, nikampeleka duka la mtaani anunue sukari mwenyewe. Akauliza "sukari iko wapi?" na mwenye duka akamwonyesha kwa kidole, "ile pale nyuma yangu". Mwanafunzi akabaki amesimama anasubiri aambiwe ipo au haipo, maana ndo alichotaka kujua, alitaka kuuliza "sukari ipo?" ila hakuwa na hiyo sentensi kwa sababu mi sikumpa. Siku ile nikaelewa kwamba hapa kuna maswali mawili, la kwanza kitu kipo au hakipo, la pili kiko wapi, na kila lugha inayagawa kivyake. Mwanafunzi anakuja na mgao wa kwao kichwani, so kabla hujasahihisha jua kwanza kwao wanasemaje.

Anzeni na "kuna". Ukiivunja unapata ku- ya mahali na -na ile ile ya nina, una, ana. Yani mahali ndo pana kitu. "Mezani pana kitabu" maana yake meza inacho kitabu, na mwenye sentensi ni mahali, ndo maana tunasema kuna mtu, kuna watu, kuna vitabu na "kuna" haibadiliki hata kidogo. Mkiwaelezea hivi Wachina wanaelewa palepale, maana kwao neno yǒu ndo kuwa na kitu na ndo hilohilo kuna: zhuōzi shàng yǒu shū, mezani pana kitabu, karibu neno kwa neno. Wafaransa nao kwenye il y a yao mna kitenzi cha kuwa na kitu ndani yake. Waspania wana hay, nayo haibadiliki kitu kikiwa kimoja au vingi.

Kitu kikishajulikana, mambo yanageuka. Mchina anaacha yǒu anachukua zài, Mspania anaacha hay anachukua está, na sisi tunaacha kuna tunachukua kipo au kiko. "Kuna mtu mlangoni", simjui. "Juma yuko mlangoni", tunamjua sote. Hii ndo sheria ninayowapa wanafunzi wote na inafanya kazi mara nyingi sana: habari mpya, kuna, kitu ambacho tayari tunakiongelea, kipo.

Wanaotoka kwenye Kiingereza wanachelewa zaidi kwa sababu kitenzi chao kimoja, be, kinafanya kila kitu, kwa hiyo watakwambia "kitabu ni mezani" na "mimi ni nyumbani". Usikasirike, rudia tu kwamba "ni" inasema kitu ni nani au ni nini, na "-ko" inasema kiko wapi. Mspania anashika haraka hapo kwa sababu ana vitenzi viwili, ser na estar, ila mchungeni, atachukua estoy cansado aitafutie "niko..." wakati sisi tunasema nimechoka tu. Halafu unamkataza, kesho anasikia mtaani "niko poa", "niko sawa", anarudi na swali. Ana haki ya kuuliza, mwambieni kweli kwamba tunasema hivyo.

Wajapani nawapenda sana kwenye somo hili. Wana aru kwa vitu na iru kwa watu na wanyama, kwa hiyo ukimwambia mbwa yupo lakini gari lipo hashangai, kwake ni kawaida kiumbe kutengwa na kitu. Mti kwao ni aru, kwetu upo, sawa kabisa. Kinachomchanganya ni kwamba "kuna" haijali, kuna mbwa, kuna mti, basi.

Mjerumani naye atatafuta kusimama na kulala, maana kwao chupa "inasimama" mezani na kitabu "kinalala". Mwambie vyote vipo.

Kuhusu po, ko na mo, fundisheni kitabu kinavyosema, po mahali mahususi, ko mahali pa jumla au mbali, mo ndani, lakini msimkatalie anayesema "yuko ndani ya gari" maana hata sisi ndo tunavyosema siku hizi, mo imebaki zaidi kwenye mambo kama "mi simo" mtu akikataa kuhusishwa. Na aliyejifunzia Nairobi akisema "niko na swali" msimkate, wa huku tutasema nina swali, ila wote wameeleweka.

Kingine ambacho wengi mnaacha ni wakati uliopita. Fundisheni siku hiyohiyo, kuna na kulikuwa na, yupo na alikuwepo, hayupo na hakuwepo. Ukiacha wiki mbili zipite mwanafunzi atajitengenezea "alikuwa yupo" na kumtoa hapo ni kazi kweli.

Zoezi langu ni rahisi: naficha funguo za darasa. Kwanza wanauliza "kwenye droo kuna nini?", nawajibu kuna kalamu, kuna karatasi, kuna funguo. Wakishasikia funguo, kuanzia hapo ni marufuku kusema kuna, lazima waseme ziko wapi, zipo juu, zimo ndani, hazipo, mpaka wazipate.