Nilivyojifunza kuachia wengine washike

Dada, umeuliza mtu anaachaje kutaka kila kitu kipite mikononi mwake. Umesema hata vyombo alivyopanga mumeo unavipanga upya, na umechoka. Nakujibu kama kifungua mimba aliyemuuguza mama yake kwa muda mrefu.

Nilishika kila kitu: dawa, chakula, nani aingie kumwona na akae kiasi gani. Mdogo wangu akimwogesha, nasimama mlangoni. Akimaliza, natandika shuka upya. Ulikuwa upendo, na hata leo nasema ulikuwa upendo, ila ulichanganyika na hofu.

Na hofu ina ujanja. Unakagua, jambo linakwenda salama, basi unaamini limekwenda salama kwa sababu ulikagua. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Ellen Langer, alichapisha utafiti unaogusa hapo hapo: watu waliojichagulia tiketi ya bahati nasibu walitaka pesa nyingi zaidi ili waiuze kuliko waliopewa tu, ingawa kuchagua hakukuwaongezea nafasi ya kushinda. Nilipousoma nilijiona humo. Ugonjwa wa mama ulipanda na kushuka bila kujali shuka katandika nani.

Kuambiwa "tulia" hakukunisaidia hata kidogo. Nilichofanya ni kuchagua jambo moja ambalo likifanywa tofauti halimdhuru mtu. Dawa sikuziachia, kipimo ni kimoja, na hapo ukali ni haki. Lakini kumwogesha mgonjwa kuna njia nyingi. Nikamwambia mdogo wangu, "Kuanzia leo kuoga kwa mama ni kazi yako, siingii." Nikakaa chumba cha pili. Nikasikia maji, nikasikia beseni likiburuzwa, kifua kikabana, miguu ikataka kuinuka. Sikuinuka. Kazi yenyewe iko hapo, dada: wasiwasi ule unapanda, halafu ukiuacha unashuka wenyewe. Ukienda kuchungulia kabla haujashuka, unapata nafuu ya muda mfupi na kesho wasiwasi unarudi na nguvu ileile. Kuuliza baadaye "ulimkausha vizuri?" nako ni kuchungulia.

Siku moja nikasikia mama anacheka kule ndani. Kumbe mdogo wangu humwimbia akimwogesha. Mimi sikuwahi kumwimbia. Nilikuwa naharakisha ili niwahi kitu kingine cha kukagua.

Kwako ningeanza na hivyo vyombo. Mumeo akivipanga, viache, na usimwambie kwamba umeviacha, maana hapo bado utakuwa umemsimamia. Ukizoea, ongeza kingine. Mambo ya usalama na fedha za nyumba endelea kuyafuatilia, ila kaeni mgawane nani anashika lipi.

Na kama hofu hiyo inakunyima usingizi, au inakuamsha usiku kukagua mlango tena na tena, muone mtaalamu wa afya ya akili. Hali hiyo inatibika, na si lazima upambane nayo peke yako.