Jini halionekani, lakini mayowe yake yanaamsha mtoto

Salamu ndugu wa Kondele. Unasema filamu ni giza tupu, maongezi hayasikiki, halafu jini likipiga mayowe mtoto anaamka. Anza na rimoti: zima hali ya kuokoa umeme, mara nyingi ndiyo inayofifisha picha. Kisha kwenye sauti chagua stirio badala ya 5.1 (sauti ya spika sita za kuzunguka chumba), maana kwenye 5.1 maongezi hupangiwa spika ya katikati, ambayo TV zetu hazina. Yangu hapa Nakuru ilitulia hivyo. Kwa simu sijajaribu.

Ila usitarajie makubwa. Mwanga ulipoongezeka niliona zipu mgongoni mwa jini, na soksi nyeupe! Damu nayo ni shira ya mahindi iliyotiwa rangi, inavutika kama asali. Mke wangu alicheka hadi akamwaga chai.