Foleni, Darasa na Ndoo ya Maji: Majibu Yetu Kuhusu Kupiga Kura Wakati wa Mlipuko

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: ugonjwa wa kuambukiza ukizuka karibu na siku ya kura, mtu afanyeje apige kura yake bila kurudi na ugonjwa nyumbani? Swali hili lina uzito. Uchaguzi Mkuu wa 28 Oktoba 2020 ulifanyika dunia ikiwa katikati ya UVIKO-19, na mwaka 2025, ambao nao ulikuwa wa uchaguzi, ulianza na Marburg kule Biharamulo, mkoani Kagera. Tumejibu kwa kuangalia hali ya Dodoma na majirani zake: jua, upepo, vumbi, madarasa yenye mlango mmoja na maji ya kubeba kwa madumu.

Nasikia nchi nyingine watu hupiga kura kwa posta. Nina watoto wadogo na mama mkwe mgonjwa. Naweza kumpa kijana wangu kadi yangu akanipigie? Na hizo karatasi zinazopita mikononi mwa watu, si ndizo zinazoleta ugonjwa? (Mama wa Nkuhungu, Dodoma mjini)

Hapana, mama. Kwetu hakuna kura ya posta wala kura ya kutumwa, na mtu akipiga kura kwa jina la mwingine anatenda kosa la jinai. Ni lazima uende mwenyewe, tena kwenye kituo ambacho jina lako limo.

Karatasi isikutie hofu sana. Kwa magonjwa ya njia ya hewa, kama UVIKO-19 na mafua makali, hatari kubwa ni pumzi ya mtu aliye karibu nawe kwa muda mrefu. Karatasi ya kura utakuwa nayo dakika moja au mbili, lakini kwenye foleni unaweza kusimama saa nzima huku mtu anakuongelea kisogoni. Kwa hiyo linda kwanza nafasi yako kwenye foleni, angalau mita moja mbele na nyuma, na barakoa ifunike pua na mdomo. Kwenye foleni watu wengi huishusha kidevuni ili wazungumze vizuri, na hapo haina kazi tena.

Mikono nayo ina utaratibu wake. Itakase kabla ya kuingia, halafu subiri ikauke kabisa. Kitakasa mikono kiwe na kileo kisichopungua asilimia 60, ukisugue kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka ngozi iwe kavu. Ukishika karatasi kwa vidole vilivyolowa, wino wa peni unachuruzika, na alama yako ya vema inaweza kuvuka hadi kwenye kisanduku cha mgombea mwingine. Kura ya namna hiyo huzua ubishi mezani wakati wa kuhesabu. Peni ya kituo imeshikwa na wengi, basi usijiguse macho wala pua mpaka unawe tena ukitoka. Ukifika nyumbani, vua barakoa kwa kushika kamba zake na unawe kwa sabuni kabla hujamkaribia mama mkwe.

Mbukwenyi wahariri. Nina miaka 74 na sukari. Wajukuu wananikataza kwenda. (Mzee wa Mpwapwa)

Shikamoo mzee wetu. Nenda, ila usipange foleni. Wazee, wagonjwa, wajawazito, akina mama wanaonyonyesha waliofika na watoto, na watu wenye ulemavu hupewa kipaumbele kituoni. Wengi hawakipati kwa sababu wanajipanga kimya kimya nyuma ya wengine. Mwambie mjukuu amfuate karani anayeongoza wapiga kura, amweleze umri wako na hali yako, wewe ukiwa umekaa kivulini.

Kwa kawaida vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Watu hujazana mlango unapofunguliwa, wakitaka kuwahi shamba au biashara, na wengine hukimbilia saa ya mwisho. Kwako tunashauri kati ya saa 4 na saa 6, baada ya msongamano wa asubuhi. Kula kwanza na unywe dawa zako kama kawaida, maana mtu mwenye sukari akisimama juani na njaa anaweza kuanguka, na watu wakadhani ni ule ugonjwa wa mlipuko. Beba kadi ya mpiga kura, maji yako mwenyewe, kitu kidogo chenye sukari, na barakoa ya akiba, kwa sababu ya kwanza ikilowa jasho na vumbi inakuwa ngumu kupumulia.

Jambo dogo lenye usumbufu mkubwa: asubuhi hiyo usijipake mafuta mazito vidoleni. Wino wa kituo haushiki vizuri kwenye mafuta, utarudishwa upakwe tena na utakaa ndani muda mrefu bila sababu. Ukishapakwa, acha ukauke ndipo utumie kitakasa mikono.

Darasa langu ndilo kituo cha kupigia kura. Tulipange vipi? (Mwalimu wa Kongwa)

Mwalimu, mpangilio ni kazi ya msimamizi wa kituo, kwa hiyo zungumza naye mapema, siku moja kabla ikiwezekana. Kitu cha kumwonyesha kwanza ni madirisha. Hewa husafisha chumba ikiingia upande mmoja na kutokea mwingine, kwa hiyo yafunguliwe ya pande zote mbili na yabaki wazi siku nzima.

Tatizo la kwetu tunalijua. Ikifika saa 4 upepo unapanda, unaleta vumbi, unapeperusha karatasi, na mtu mmoja anasimama kuyafunga. Kuanzia hapo chumba kinajaa pumzi mpaka jioni bila mtu kutambua. Zuia hilo kabla halijaanza. Meza ya karatasi isikae kati ya madirisha mawili yanayotazamana. Weka mawe safi mezani ya kuzuilia karatasi. Nyunyiza maji sakafuni na mbele ya mlango kabla ya kufungua na tena mchana. Vumbi likizidi, funga kwa muda madirisha ya upande unaotoka upepo tu, tena nusu, na ya upande wa pili yaachwe wazi.

Kituturi, yaani kile kizuizi cha kupigia kura kwa siri, kielekezwe ili mgongo wa mpiga kura uwe ukutani, mbali na dirisha. Ukikiweka chini ya dirisha lililo wazi, mtu wa nje anaweza kuchungulia, na usiri wa kura ni wa lazima kama ilivyo afya. Mawakala wa vyama wasibanwe kwenye benchi moja. Kila mmoja apewe kiti chake, mita moja kati yao, mahali anapoona sanduku bila kusogea.

Kama mlango ni mmoja, anayetoka apite kwanza ndipo anayeingia aitwe. Funga kamba katikati ya njia, kulia kuingia, kushoto kutoka, na mtu mmoja asimame hapo kuita.

Nje, alama za chokaa kwenye udongo wetu mwekundu hazifiki adhuhuri, zinafutwa na miguu na upepo. Chukua kamba ya katani, funga kitambaa chenye rangi kila baada ya mita moja, uifunge kwenye miti au nguzo usawa wa kiuno. Kila mtu asimame penye kitambaa chake. Watu 40 wanahitaji mita 40, kwa hiyo pima uwanja mapema na uipitishe foleni kwenye kivuli hata kama italazimika kukunja kona. Pasipo kivuli, watu watauacha mstari na kurundikana chini ya mwarobaini mmoja, na kazi yote ya kamba itakuwa bure.

Jiki tunachanganya kiasi gani? Na maji yatatosha? (Msimamizi msaidizi, Bahi)

Soma kwanza chupa, maana nguvu ya klorini hutofautiana. Kwa kufuta meza, vitasa na peni inatosha asilimia 0.1. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, weka mililita 300 kwenye ndoo ya lita 10 kisha ujaze maji. Kama ni asilimia 5, weka mililita 200. Kwa matapishi, damu au kinyesi inatakiwa asilimia 0.5: sehemu moja ya Jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Uchafu ufutwe kwanza, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu inaishiwa nguvu kabla ya kuua kijidudu. Kitambaa kilowe vya kutosha meza ibaki mbichi angalau dakika moja, halafu ikauke kabisa kabla karatasi hazijarudishwa juu yake.

Changanya asubuhi ile ile, kwenye chombo chenye mfuniko, kikae kivulini. Jua na joto vinaimaliza klorini, na ya jana usiitegemee. Usiichanganye na siki, spiriti wala dawa nyingine ya chooni, inatoa hewa yenye sumu. Na msimnyunyizie mtu klorini mwilini. Haimkingi, inamuumiza macho na mapafu.

Maji ya kunawa: kadiria nusu lita kwa mtu kila anaponawa. Watu 400 wakinawa kuingia na kutoka, hizo ni lita 400, yaani madumu 20 ya lita 20. Mtaa unaopata maji kwa zamu ujaze siku mbili kabla. Yakipungua, tengenezeni vibuyu chirizi kwa vidumu vya lita 5 vya kukanyagia kwa mguu. Vinatumia maji kidogo sana, na hakuna anayeshika koki.

Kwetu mlipuko ni kipindupindu. Tuvae barakoa? (Mtendaji wa kijiji, Chemba)

Barakoa haizuii kipindupindu. Hicho hupita kwenye maji, chakula na kinyesi. Nguvu yenu ipelekeni chooni na kwenye maji ya kunywa: choo kiwe safi, sabuni iwepo nje ya mlango wake, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa kwa kipimo cha pakiti. Kikombe kimoja cha kuchotea mtungini kiondolewe kabisa. Matunda yaliyokatwa na vyakula vilivyopoa vinavyouzwa karibu na kituo visogezwe mbali au visiuzwe siku hiyo. Mtu akianza kuharisha maji maji, aanze kunywa maji ya chumvichumvi wakati usafiri wa kwenda kituo cha afya unatafutwa. Asisubiri zamu yake ya kura.

Nikipimwa nikakutwa na joto, nitanyimwa kura? (Dereva wa bodaboda, Chang'ombe)

Kipimajoto hakiondoi haki yako. Haki ya raia mwenye umri wa miaka 18 kupiga kura imo katika ibara ya 5 ya Katiba. Isitoshe, kile cha kuelekeza kwenye paji la uso hudanganywa na jua letu: aliyetoka kuendesha pikipiki au kusimama nje saa nzima ngozi yake ina moto, ingawa mwili hauna homa. Akae kivulini dakika 15, avue kofia, afute jasho, apimwe tena. Kifaa chenyewe nacho kisiachwe juani.

Kipimo cha pili kikibaki juu, mtu huyo anahitaji njia yake. Korea Kusini, katika uchaguzi wa 15 Aprili 2020, aliyezidi nyuzi 37.5 alielekezwa kwenye kituturi cha pembeni, kilichosafishwa baada yake. Liberia nayo, 20 Desemba 2014 wakati wa Ebola, iliwapima watu joto na kuwanawisha mikono kabla ya kura. Palipo na kituturi zaidi ya kimoja, msimamizi anaweza kutenga kimoja karibu na mlango.

Lakini tutakuambia ukweli, ndugu yetu. Kama umeamka na homa kali, unatapika, au umemhudumia mgonjwa wa Marburg au Ebola, usiende kituoni. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, usubiri maelekezo. Tunajua kura hiyo itakuwa imepotea na inauma, lakini foleni ile ina majirani zako. Kwa mafua mepesi, nenda saa za watu wachache, vaa barakoa vizuri, usizungumze, na utoke mara umalizapo.

Ninavaa nikabu, na sasa kuna barakoa. Watanitambuaje? (Dada wa Kondoa)

Dada, omba kutambuliwa na mtumishi wa kike, pembeni. Unafunua uso kwa sekunde chache bila kuongea, yeye akiwa amesimama mita moja, analinganisha na picha, unafunika. Kwa wote wenye barakoa ni hivyo hivyo: shusha, nyamaza, pandisha, na ushike kamba zake tu.

Mimi ni wakala wa chama. Kazi yetu inaisha usiku. Kuna la kuangalia? (Manyoni)

Ndiyo, tena hapo ndipo tunapowaomba muwe makini kuliko saa zote. Mchana mpiga kura anapita na kuondoka. Wakati wa kuhesabu, watu wale wale wanabaki chumbani kwa saa kadhaa, wameinamia meza moja chini ya taa, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakibishana. Wadudu wanafuata taa, mtu anafunga madirisha, na barakoa zimeshachoka.

Mwombeni msimamizi meza ivutwe katikati ya chumba na mzunguke pande tatu, si kubanana upande mmoja. Anayesoma aiinue kila karatasi juu, taa ikiwa nyuma yenu, ili hata aliye mita moja na nusu aione bila kuinama. Madirisha yabaki wazi, na taa ya pili itundikwe nje, mbali kidogo, wadudu waende huko. Kila mmoja awe na barakoa mpya ya usiku na peni yake ya kusainia fomu.

Na angalieni vidole. Anayehesabu karatasi nyingi huvilamba ili zisigandane, bila hata kujijua, kisha bunda linapita kwa anayefuata naye analamba. Kisosi chenye sponji iliyoloweshwa maji kidogo kinamaliza shida hiyo. Kiwe mezani kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa.