Dogo, pima dhahabu tupu kwanza

Juzi kijana mmoja wa Arusha kanitumia meseji, "Shikamoo dada, nimepata masters nje, nitapima protini kwenye metali kwa leza, nianzie wapi?" Marahaba mdogo wangu. Nilikuwa kwenye gari narudi Moshi, tumefika Boma Ng'ombe bado naandika jibu, nikaona bora niliweke hapa na wengine wasome.

Mimi nilikuwa Ujerumani, kazi yangu protini iitwayo alubumini kwenye dhahabu. Unapiga leza mbili, ya kijani ya nanomita 532 na ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), zikikutana pale juu ya uso wa dhahabu unatoka mwanga wa tatu wenye frikwensi ya hizo mbili ukizijumlisha. Uzuri ni kwamba ndani ya dhahabu atomi zimepangwa kwa ulinganifu, huko karibu hakutoki kitu, kinachoongea ni uso tu.

Basi nikapata piki, yaani kilele kwenye grafu, karibu na 2875 cm⁻¹ (kipimo cha infraredi), ya CH3, kaboni moja na haidrojeni tatu, ambayo protini inayo, imesimama vizuri, nikapiga simu nyumbani usiku uleule mama akaomba sala ya shukrani. Miezi saba nimejenga hoja zote juu ya ile piki. Siku ya kikao mwenzangu akauliza, dhahabu yako bila protini ikoje? Sikuwa nayo. Kesho yake nikapima: piki ileile, palepale! Kumbe ni uchafu wa hewani, dhahabu ukiiacha wazi dakika chache tu haidrokaboni, chembe za kaboni na haidrojeni, zishaikalia, nazo zina CH3. Supavaiza akasema mbele ya watu labda nilikotoka hatufundishwi usafi. Mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo pima tupu kwanza. Safisha kwa UV na ozoni, usiiache wazi, pima tupu. Halafu nenda kwenye piki ya amaidi, karibu na 1650 cm⁻¹, ndo maungio ya mnyororo wa protini yenyewe, ila pitisha naitrojeni kavu maana mvuke wa maji unameza infraredi hapo. Na ukikosa signali usikimbilie kusema protini haipo, inaweza kuwa imejaa tele ila kila moja imelalia upande wake, signali zao zinafutana.

Vijana tuna haraka jamani, grafu inafika kwenye grupu la familia kabla hatujaihoji, tubadilike, sayansi inataka mtu anayejikagua mwenyewe kabla hajakaguliwa.

Nilirudia yote. Grafu ya dhahabu tupu ndo ya kwanza kwenye matokeo ya tasnifu yangu, na wewe dogo ukifika huko nitumie hiyo kwanza, ya protini baadaye.