Ujerumani na Uswisi: nini kinabadilika?

Dada, ukitoka Ujerumani kuingia Uswisi, viza ileile ya Schengen inatosha. Pesa ndiyo inabadilika: maduka mengi yanapokea noti za euro, ila chenji unapewa kwa faranga na kwa kiwango chao. Afadhali kadi.

Wengi wanaumia kwenye simu. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya, kwa hiyo kifurushi cha Ujerumani kinaweza kukukata hela kimyakimya. Zima data kabla ya Basel, mji wa Uswisi ulio mpakani; hakikisha kwanza na mtandao wako. Plagi nene ya mviringo ya Kijerumani haiingii kwenye soketi zao, lakini ile nyembamba ya chaja ya simu inaingia vizuri tu. Mkienda kwa gari, barabara kuu zinadai stika ya faranga 40.